Ukuta Nyuma ya Kiti cha Dereva

Mama mkwe wangu hawezi kukaa. Anaweza kulala, na anaweza kusimama kidogo akishikilia meza, lakini kukaa kunamshinda tangu nyonga yake ivunjike kwenye ngazi za jengo letu hapa Bertrams, Johannesburg. Daktari alisema nusu saa, mwisho. Durban ni mwendo wa saa sita. Basi halifai, ndege haifai, teksi ndiyo kabisa.

Na Durban ilibidi afike. Mwanawe wa pekee wa kiume, Fiacre, amezikwa huko. Siku ya mazishi mama alikuwa hospitalini na vyuma mguuni, hakuona hata jeneza. Sasa mwaka ulikuwa unatimia na ndugu walikuwa wamepanga siku ya kuganduka. Kwetu Burundi hiyo ndiyo siku ya kuondoa tanga. Watu wanakusanyika, wanakunywa pombe ya mtama, wanamuaga marehemu kwa mara ya mwisho, na walio hai wanaruhusiwa kurudi kwenye maisha yao. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Ndugu wa Cape Town walishakata tiketi.

Mama alimwambia mke wangu, Emérite: "Wakiondoa tanga mimi nikiwa Johannesburg, mimi sitaliondoa. Nitakufa nalo."

Nilikuwa na wiki saba na karavani moja.

Nikisema karavani, si ile ya kuvutwa. Hii ina injini yake. Mbele kuna kiti cha dereva, nyuma ni nyumba: vitanda viwili, jiko dogo, sinki. Niliinunua miaka kumi na kitu iliyopita kwa mzungu mmoja wa Boksburg aliyekuwa anahamia Australia. Tuliitumia mara moja, kwenda bwawa la Hartbeespoort. Mvua ikaingia kupitia dari na Emérite akalala na sufuria kifuani. Asubuhi akasema hapandi tena. Tangu hapo ikasimama nyuma ya karakana yangu, nikawa natunzia vyuma humo ndani.

Mimi ni fundi wa grili za madirisha na mageti. Shule niliiacha darasa la tano. Nilichosoma ni chuma. Nusu ya nyumba za mtaa huu, mwizi akitaka kuingia, anakutana kwanza na kazi yangu.

Injini nilimpa Kip, Mkenya mwenye gereji upande wa pili wa ukuta. Alifungua boneti, akaangalia, akaifunga.

"Mzee Léonce, hii kitu imekufa."

"Haijakufa. Imelala."

"Hata maiti huonekana wamelala."

"Kip, unaweza au huwezi?"

"Naweza. Nilikuwa nasema tu."

Aliweza. Panya walikuwa wamekula nyaya. Tangi lilikuwa na dizeli iliyoganda kama asali ya zamani. Breki zilikuwa zimeshikana na magurudumu, na matairi yalikuwa yamepasuka kwa kusimama tu, bila kutembea. Kip alikuja kila jioni akitoka kwenye magari ya wateja wake, na kila jioni alikuwa na habari mbaya mpya. Mimi nilisema sawa, tuendelee. Wiki ya nne injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi uliofunika kamba za nguo za jirani, ikakubali. Jirani alitutukana kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza ili tuelewe vizuri.

Nyumba ilikuwa kazi yangu. Nilibandua dari yote. Mbao zilikuwa zimeoza, unaweza kuzivunja kwa kidole. Nikaweka vyuma badala ya mbao, nikaziba kila mshono. Nilimwaga ndoo ishirini za maji juu ya paa huku Emérite amekaa ndani. Akatoka mkavu. Kesho yake alileta godoro.

Kitanda cha mama nilikitengeneza upya, kirefu, chenye mikanda ya kumshika gari likikata kona. Madirisha niliyatia grili yote matano. Sikufikiria hata kidogo. Katika mji huu sijawahi kuacha dirisha tupu na singeanzia kwa mama mkwe. Mlango wa ubavuni nikauwekea geti, na geti nikalitia kufuli kwa nje, maana barabara ya Durban ina vituo vya mafuta ambavyo sivipendi.

Halafu nikajenga ukuta.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mkwe wa kiume haingii anapolala mama mkwe. Hakai kitandani kwake, hamwoni akiwa amelala, hapokei kitu chochote toka mkononi mwake akiwa amejinyoosha. Miaka mitano tunaishi na mama nyumba moja na sijawahi kuvuka mlango wa chumba chake. Nikitaka kusema naye, nasimama kwenye korido na kuangalia upande mwingine. Sasa nitaendesha saa sita nzima huku amelala mita moja nyuma ya kisogo changu? Nilichukua bati zito na fremu ya chuma, nikachomelea kutoka sakafuni hadi darini, nyuma ya viti vya mbele. Viungo kumi na viwili. Hukuweza kupitisha hata wembe.

Kip alikuja akazunguka mara mbili.

"Unajenga gari ama jela?"

"Ni heshima. Wewe hujui mambo yetu."

"Sisi pia tuko na mama wakwe, Mzee. Lakini huwa hatuwafungii."

Emérite naye aliangalia ule ukuta. "Baba Chloé, mama akiniita na mimi niko mbele na wewe, nitamsikiaje?"

"Utakaa nyuma naye."

"Na wewe ukisinzia kwenye usukani, nani atakuamsha?"

"Sisinzii."

Leseni ya gari ilikuwa imekufa miaka mingi, kwa hiyo ilibidi lipite ukaguzi kwanza. Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye kituo cha ukaguzi, siku mbili kabla ya siku yenyewe. Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa Kizulu, mnene, miwani imefungwa kamba shingoni. Alipima breki. Sawa. Taa, sawa. Akalala chini ya gari na tochi, akainuka, sawa. Nikaanza kutabasamu, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara.

Akaingia ndani. Akakaa humo kitambo. Alipotoka alilifunga geti langu, akalitazama kufuli.

"Baba, humu atapanda nani?"

"Mama mkwe wangu. Hawezi kukaa, atalala."

"Eish." Akagonga ukuta wangu kwa kalamu. "Moto ukiwaka huku mbele, atatokea wapi?"

Nikaangalia dirisha la nyuma. Chini yake palikuwa na maandishi mekundu ya zamani yanayosema ni la kutokea wakati wa hatari. Grili yangu ilikuwa juu yake, safi, imepakwa rangi nyeusi. Mlangoni kulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mbele, ukuta.

"Ondoa ukuta," alisema. "Ondoa geti, na ufungue lile dirisha la nyuma. Hayo mengine baki nayo ukipenda. Kesho asubuhi nipo. Kesho saa sita mchana ninafunga."

Kip alikuwa amekuja nami. Njiani tulisimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, karibu na uwanja wa Ellis Park, akanigeukia.

"Mimi sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Nilitaka tu kusikia."

Tulipofika karakana umeme haukuwepo. Watu walikuwa wameiba kebo tena, mtaa mzima uko kimya, na jenereta yangu ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu. Grainda ya kukatia, bila umeme, ni tofali. Nilichukua msumeno wa mkono, wa kukatia chuma. Kip akaangalia msumeno, akaangalia viungo kumi na viwili vya ukuta.

"Mzee. Wewe huchomelei kama watu. Unachomelea kama mtu anayeogopa vita."

"Shika upande ule."

Lakini kabla ya kuanza nilipanda ngazi hadi nyumbani. Jambo hili sikuweza kulipitisha kwa mke wangu kama kawaida. Mimi ndiye niliyejenga, mimi ndiye wa kusema. Nilisimama kwenye korido, mlango wa mama uko wazi nusu, nikaangalia ukutani.

"Mama."

"Ndiyo, mkwe wangu."

"Gari limekataliwa. Ule ukuta kati yako na mimi nauondoa leo. Kutakuwa na pazia tu. Najua si vizuri."

Emérite alikuwa ndani anamkanda mguu, nikamsikia akiacha kukanda.

"Ulijenga ukuta?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Wa chuma?"

"Ndiyo, mama."

"Wiki nzima nasikia unagonga huko chini, nikasema mkwe wangu ananitengenezea kitanda. Kumbe ananitengenezea jeneza."

Emérite alicheka. Mimi sikucheka.

"Nilifanya kwa heshima."

"Najua. Sasa sikiliza. Mwanangu walimzika bila mimi. Niliambiwa kwenye simu udongo umeshafukiwa. Kama njia ya kumfikia ni kulala mbele ya macho yako, nitalala mbele ya macho yako, na wewe utaangalia barabara. Heshima yangu haiko kwenye bati. Kata."

"Ndiyo, mama."

"Na hilo pazia lisiwe la maua."

Tukakata. Kila kiungo kilichukua karibu nusu saa. Msumeno unaingia kidogo, meno yanaisha, unabadilisha, unaanza tena. Niliapa kwa kila mshono niliouchomelea mara mbili pale ambapo mmoja ungetosha. Ile mikono iliyofunga ndiyo iliyokuwa inafungua, na ilikuwa inaumia ilivyostahili. Tulivunja misumeno saba. Wa nane Kip aliukopa kwa fundi bomba. Emérite alipanda teksi kwenda Fordsburg, akarudi na kitambaa kizito cha kijivu. Akaniangalia mikono, akaninyang'anya msumeno na kukata kiungo cha tisa mwenyewe, kitambaa cha kichwa kikiwa kimelowa jasho.

"Unashikilia vibaya," nikamwambia.

"Wewe ulijenga vibaya," akasema. Akaendelea.

Jua lilikuwa bado kwenye paa za majengo ukuta ulipolegea. Tuliushusha watatu, tukauegemeza kwenye ua. Geti na grili ya dirisha la nyuma vilikuwa rahisi baada ya hapo. Nilifungua lile dirisha. Lilikuwa halijafunguliwa tangu enzi za yule mzungu, likalia, likainuka.

Ijumaa mama wa miwani aliingia, akafungua dirisha mwenyewe, akafunga, akapita katikati ya pazia hadi kiti cha dereva, akarudi. Akagonga muhuri. "Mfikishe salama," akasema, akaita gari la nyuma yangu.

Saa tano tulimshusha mama. Kip na wanaume wawili wa jengo letu walibeba godoro na yeye juu yake, ghorofa tatu za ngazi, huku yeye akiwaelekeza kama dereva wa lori anayerudi nyuma: kushoto, kushoto, simama, wewe mrefu inama. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, naangalia mbele. Nilisikia kitanda kikilia, mikanda ikifungwa. Nilisikia Emérite akivuta pazia.

Kile kioo kidogo cha ndani nilikuwa nimekigeuza kiangalie dari.

Tulitoka mjini taratibu. Sikuzidi sabini kwa saa. Malori yote yalitupita, mengine yakipiga honi. Baada ya Heidelberg nilisikia pazia likivutwa. Nikadhani ni Emérite.

"Mkwe wangu."

Sauti ilikuwa karibu sana. Nilikaza mikono kwenye usukani.

"Ndiyo, mama."

"Nimefungua. Huku nyuma naona mawingu tu, nataka kuona tunakokwenda."

"Sawa, mama."

"Wewe usigeuke."

"Sigeuki."

"Hilo lori mbele yetu limebeba nini?"

"Ng'ombe."

"Wamekonda," akasema. Na toka hapo hadi Harrismith alisema habari za ng'ombe, za mahindi ya watu, za milima ile ambayo alisema ni mikubwa bure kwa sababu haina migomba. Miaka mitano katika nyumba moja, na sikujua kwamba mama mkwe wangu anapenda kuongea. Njia ya Van Reenen ilikuwa na ukungu, niliteremka kwa gia ya pili, breki zikinuka. Yeye ndiye aliyesema kila mara: "Taratibu. Yupo, hatakwenda popote."

Jumamosi asubuhi makaburini Durban ndugu walikuwa wamesimama, watu hamsini au zaidi, chungu cha pombe ya mtama katikati na mirija imeshachomekwa. Nilisogeza gari kinyumenyume hadi mwisho wa njia. Vijana wa ukoo walimtoa mama na godoro lake, wakamweka kando ya kaburi la mwanawe. Aliweka kiganja kwenye udongo. Akakiacha hapo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Mzee wa ukoo, aliyetoka Cape Town, aliinama. "Mama Fiacre, tulidhani hutaweza. Tulikuwa tumepanga kuanza bila wewe. Umefikaje?"

Mama hakuondoa kiganja.

"Mkwe wangu amenileta," alisema. "Nimelala njia nzima nikiangalia barabara. Haya, nimefika. Anzeni."