Mzigo Unaopumua

Kosa lilikuwa la mapenzi. Wanaume wengi wakisikia mtoto wa kiume anataka kucheza baleti, hucheka mpaka mbavu ziume. Winchi, kuli wa ghala la sukari, hakumcheka mwanawe. Alivimba kichwa. Na aliposikia kwamba mvulana wa baleti humnyanyua mwenzake juu, akajipiga paja: "Kubeba? Hapo umefika kwa mwenyewe, mwanangu!"

Akamfundisha kwa magunia. Namna ya kukaza mgongo, namna ya kupanga miguu, na ile sheria ya kwanza ya makuli wote: mzigo ukikuponyoka, uachie, ruka kando, uokoe mguu wako.

Wiki iliyopita, darasani, msichana alimponyoka mikononi. Mvulana akaruka kando.

Sasa Winchi alisimama ndani ya ukumbi wa baleti, soksi zimetoboka, sukari imemganda shingoni, akiomba kama mtu anayemwombea mgonjwa dawa.

"Mwalimu, usimfukuze. Tangu siku ile hali wala hasemi. Ataniishia mikononi huyu."

"Mzee wangu, mimi simfukuzi. Hakuna msichana anayekubali kushikwa naye. Atacheza na nani, na ukuta?"

Msichana mwenyewe alikaa kwenye benchi, kiwiko kimefungwa bendeji, macho sakafuni. Mama yake hakuinamisha ya kwake. "Mrudishe ghalani akatupe magunia, baba. Watoto wetu si sukari."

Akina mama wengine waliokuja na watoto wao wakacheka. Kule pembeni mvulana alikuwa ameshavua viatu vyake vya baleti, anavikunja taratibu, kama mtu asiyekusudia kuvivaa tena. Winchi aliona, akapaza sauti.

"Anibebe mimi!"

"Baba, tafadhali," mvulana alinong'ona. "Wewe ni kabati."

"Basi hamisha kabati. Njoo!"

Mvulana akaja, uso umemwiva kwa aibu, akamshika mbavu kwa nyuma. "Usijikaze, Baba. Ukijikaza unakuwa gunia. Vuta pumzi, halafu ruka, mimi nitakufuata."

Lakini Winchi, aliyebeba maisha yake yote, hakujua kubebwa. Aliruka mapema, akatua peke yake kwa kishindo. Vicheko. Akaruka tena, akachelewa. Jasho likamwingia machoni. Akavuta pumzi, akaisikia ya mwanawe mgongoni ikivutwa pamoja na yake, akaruka.

Sakafu ikaondoka. Kwenye kioo aliona jitu lenye soksi mbovu likining'inia hewani, mdomo wazi. Kisha akahisi mikono ya kijana ikiishiwa nguvu.

"Niachie!" alipiga kelele. "Ruka kando! Niachie, utavunjika!"

Mvulana hakuachia. Walishuka pamoja, kijana chini, baba juu, na mshindo ule ukakata vicheko vyote.

"Mwanangu! Umeumia? Sema basi!"

Kijana alikuwa anahema tu. Mdomo ulikuwa unamtoka damu. Winchi alijaribu kuinuka ampishe, akashindwa: mikono miwili ilikuwa imemfunga mbavu kama kamba. Mwalimu alipiga magoti, akajaribu kuvibandua vidole. Wapi!

Msichana alisimama. Mama yake alimvuta sketi, msichana akajichomoa. Akaja mpaka pale walipolala.

"Nitajaribu naye," alisema, sauti ikimtetemeka. "Lakini kwanza amwachie babake."