Yai la Mwalimu Jedidah

Kitu cha kwanza Awino alichokiona ni kijiko. Kilirudi jikoni juu ya sinia kikiwa kikavu, kinang'aa vilevile alivyokipangusa alfajiri. Kando yake yai lilikuwa limekatwa kichwa tu. Kiini kilikuwa kigumu, cha rangi ya vumbi.

"Hilo ni jiwe," alisema Mzee Maroa kutoka mlangoni. "Ungempelekea na manati kabisa, awinde ndege."

Awino aliinamisha uso, akaanza kuosha kikombe cha yai.

Kwa miaka tisa Maroa alikuwa mpishi wa Mwalimu Jedidah, mkuu wa shule ya wasichana ya bweni nje ya mji wa Homa Bay. Ijumaa angerudi kwao Kehancha, na safari hii hangerudi tena. Mwalimu alikuwa na vidonda vya tumbo. Asubuhi alikula yai moja laini na mkate, basi. Alikuwa amesema wazi: Awino, aliyekuwa akiosha sufuria za wanafunzi, ajaribu hadi Ijumaa. Akishindwa, ataitwa mpishi mwingine kutoka Kisii, mtu aitwaye Ombati, na Awino arudi kwenye sufuria.

Si mshahara aliokuwa akiutaka. Katika nyumba ile mpishi alisoma saa nzima kila jioni, mezani kwa Mwalimu, mbele ya taa. Hapo ndipo Maroa, mzee wa mvi, alipojifunza kuandika barua kwa mkewe. Awino aliacha shule darasa la nne, mama yake alipougua. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba bado alikuwa na daftari lake.

"Wewe unajuaje limeiva, Mzee?" aliuliza hatimaye.

"Sigara moja."

"Sigara?"

"Maji yakichemka, natia yai, natoka nje, nawasha. Ikiisha, naopoa. Hata jeshini nilipika hivyo, na maofisa walikula wakanyamaza."

Jumatano Awino alimwomba sigara moja, ile aliyosokota kwa tumbaku ya kwao na kipande cha gazeti. Hakuthubutu kuivuta. Aliiwasha kwa kaa la moto, akaiweka ukingoni mwa dirisha, akaitazama. Iliungua polepole mno, kama mtu asiye na haraka ya kufika. Kijiko kilirudi kikavu.

Maroa aliposikia alicheka hadi akashika ukuta. "Sigara bila mapafu! Uliiacha ijivute yenyewe?"

"Nisingeweza kuivuta."

"Basi tafuta ya kwako. Si sigara. Kitu cha kwako."

Usiku ule, kitandani, Awino alitafuta kitu anachokijua toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Alikipata. Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili, nne. Darasa lao lilikuwa limefika jedwali la saba siku alipoitwa nyumbani.

Alhamisi alisimama mbele ya sufuria akinong'ona. Lakini alipofika jedwali la tano alisikia kiti cha Mwalimu kikiburutwa, akadhani amechelewa, akaopoa. Sinia liliporudi, kijiko kilikuwa kimelowa, ila ute ulikuwa umemwagika mbichi kwenye sahani kama kamasi.

"Limebaki yai moja la Mwalimu, la kesho," alisema Maroa. Mchana huo alikuwa akifunga mizigo yake. "Hebu niambie, binti. Yai laini lina ladha gani?"

Awino alichukua kijiko, akakipangusa.

"Hujui."

"Kwetu wanawake hawali mayai, Mzee. Unajua."

"Hata kwetu mama yangu hakula. Lakini unapikaje kitu usichokijua? Ni kama kumshonea nguo mtu aliye ng'ambo ya ziwa." Alifungua kikapu chake cha safari, akatoa mayai mawili madogo ya kuku wa kienyeji. "Haya ni yangu, ya njiani. Sikulazimishi. Mimi naenda kumuaga bawabu."

Akaenda, naye hakurudi upesi.

Awino aliyatumbukiza mayai katika bakuli la maji baridi. Yote mawili yalilala chini, yalikuwa mapya. Nyanya yake alisema mwanamke anayekula yai atazaa watoto wasio na nywele. Awino alijiona na watoto sita wenye vichwa vinavyong'aa, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Akachochea moto hata hivyo.

La kwanza aliliopoa mwisho wa jedwali la tano. Aliligonga, akafumba macho, akameza. Ute uliteleza kooni, akakaribia kutapika. La pili alilihesabia hadi saba mara kumi na mbili, bila kukimbia, kwa mwendo uleule. Ute ulikuwa umeshikana. Kiini kilitiririka, chekundu kama jua la jioni, kikampaka kidole. Alikila chote. Akalamba kidole. Akalamba na ganda.

Ijumaa kiti kiliburutwa tena akiwa kwenye la tano. Aliendelea kuhesabu.

Safari hii hakuweka sinia na kukimbia. Alibaki kando ya meza. Mwalimu Jedidah alikata kichwa cha yai. Akachovya mkate. Kijiko kikaingia, kikatoka cha manjano, kikaingia tena, mpaka kikakwaruza ganda.

"Nani alikupimia muda?"

"Nilihesabu, Mwalimu. Majedwali. La pili hadi la saba."

"Na la nane?"

"Hatukufika."

Mwalimu alipangusa mdomo. "Tutaanzia hapo, jioni." Kisha akamkazia macho. "Lakini hesabu haiwezi kukuambia limeiva vizuri. Ulijuaje?"

Nje, Maroa alikuwa amewasha sigara yake ya mwisho chini ya dirisha. Moshi uliingia mwembamba, ukatulia juu ya meza. Awino alivitazama vidole vya miguu yake. Akilini aliwaona kaka zake wakimenya mayai aliyoyaokota yeye na kuyabeba kwenye gauni lake yakiwa bado na joto la kuku, asubuhi baada ya asubuhi.

"Nilikula," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyodhania. "Nilikuwa nataka tangu nikiwa mdogo."