Pale Kezia Alipogeukia

...na sasa kanyamaza, Bwana Aldous na mashine yake ya kurekodia, mkanda unazunguka, anataka nianze, fidla iko kifuani, upinde nimeshauweka juu ya nyuzi na mkono hauendi, "Piga vilevile unavyopiga siku zote, mzee Garrod, hasa pale unaposimama kidogo katikati ya wimbo," anasema, pale ninaposimama, kapanda treni mbili kutoka London kwa ajili ya pale tu, anasema vijana wameisikia santuri yangu ya mwaka juzi wanajifunza kusimama kama mimi, eti ndio upigaji wa huku kwetu Suffolk, eti nani alikufundisha, babako?... baba angenichapa, wimbo wa kuchezea hausimami katikati ila mpigaji awe kafa, "Anamsubiri mkewe huyo," Percy kadakia pale kaunta, glasi mkononi, "mwaka wa ishirini huu, mapenzi hayo, bwana wewe!" na Bwana Aldous kaandika, nimeiona kalamu ikienda, lo, Percy, mdomo huo... na wewe ulikuwepo, karamu ya mavuno, humu humu baa, ubao umelazwa sakafuni na Kezia wangu anacheza juu yake na viatu vyake vya misumari, ta-ta-ta, ta-ta-ta, mguu wa kushoto mbovu tangu farasi alipoukanyaga, akifika pa kugeuka anachelewa, kidogo tu, halafu huyo, kageuka, na watu wanampigia makofi yeye, yeye peke yake, nani ananiangalia mimi pembeni nakwaruza nyuzi, nawe ukaninong'oneza, "Mkeo anakuburuza leo, Eph," nikaona wivu, haya niseme, wivu na mke wangu mwenyewe, nikakaza mwendo, pale pale pa kugeuka, nikijua, nilijua!... akaanguka, puu, sketi juu, wakacheka, na sikuacha kupiga, Mungu wangu, niliumaliza wimbo wote... tulipofika nyumbani kavua viatu kaviweka chini ya ngazi, hakuvivaa tena... "Uko tayari, mzee?" tayari, ndiyo, dakika moja, bwana... tangu hapo ndio nasimama, nikifika pale mkono unasita wenyewe, nikajiambia namngojea, ikanipendeza, nikajiona mtu mwema, hata nikipiga jikoni nilisimama pale, yeye anamenya viazi, siku moja akaniambia bila hasira, "Eph, usisimame hapo, mimi siji," nikacheka, nikadhani utani, na Februari tumemzika, maskini, kafa akidhani ni mguu wake uliomwangusha... ni mguu? Kezia? aliyesikia mwendo kuliko mimi na Percy tukiwekwa pamoja, aliyekuwa akiniambia nimekimbiza wimbo hata kabla sijajua kama nimeukimbiza?... alijua, alijua siku ile ile, pale chini sakafuni alijua, kanipikia miaka ishirini akijua, kaketi mbele yangu na kisu na viazi vyake, kimya, akinipa nafasi niseme, yeye ndiye aliyekuwa akisubiri, si mimi, mimi nilikuwa napiga fidla tu... "Mzee Garrod?" mkanda unazunguka, upinde uko palepale juu ya nyuzi, nilikuangusha mimi, makusudi, maneno matatu haya, yangenitoka jikoni siku yoyote ile, na sasa hakuna tena wa kumwambia.