Gari la Yeni

Nilitoka kwenye bwawa la maji ya moto na nguo ya kuogelea tu, miguu mitupu, nikakimbia juu ya theluji hadi kwenye maegesho. Mvuke ulinitoka mabegani kama sufuria iliyofunuliwa. Baridi sikuisikia hata kidogo. Nilichokiona ni lori la njano lenye mnyororo, na mwanamume mgeni mwenye ovaroli amesimama kando ya gari langu, ufunguo wangu mkononi mwake.

Kwetu funguo huachwa ndani ya gari. Mwizi angelipeleka wapi, na barabara ni moja, na kila mtu anajua gari la nani hulala wapi? Haikutupitikia kwamba siku moja mwizi atakuja mchana kweupe, na karatasi iliyopigwa mhuri.

Lilikuwa basi dogo la viti kumi na sita, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kwa gari hilo niliwachukua watoto wa mashamba ya bondeni kwenda shule ya mjini Sandeyri asubuhi na kuwarudisha saa nane mchana. Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba, kondoo wachache na mkataba ule wa halmashauri. Kondoo hawalipi chochote siku hizi. Mkataba ndio uliokuwa ukinilisha, na sharti lake la kwanza ni kwamba dereva awe na gari lake mwenyewe, lenye kufaa majira ya baridi. Likienda gari, unakwenda mkataba. Ukienda mkataba, nyumba nayo inafuata. Mimi, Hallbera, mwanamke wa miaka hamsini na sita, ningebaki kuwaomba watoto wangu walioko Norwei kitanda cha kulala. Heri ningelala na kondoo.

Ilikuwa Februari, miezi minne tangu mabenki ya Aislandi yaanguke yote katika wiki moja.

Aliyeniuzia mkopo wa gari alikuwa Ingvar. Nilimbeba Ingvar kwenda shule tangu akiwa na miaka sita, katika gari langu la zamani, naye alinitapikia kwenye kona ya kanisani mara zisizo na hesabu. Alikwenda mji mkuu kusoma, akarudi amevaa viatu vilivyochongoka, vya kutembelea juu ya zulia, akiwa na kazi katika tawi la kampuni ya mikopo ya magari. Hiyo ni miaka ambayo mji mzima ulikuwa umelewa. Katikati ya kila mwezi kadi za benki zilianza upya: utakachonunua leo, hutakilipa mwezi ujao bali ule wa baada yake. Watu waliingoja siku hiyo kama Krismasi. Jana yake dukani ungekuta muuzaji anapiga miayo peke yake. Siku yenyewe foleni ilifika mlangoni, na watu wakitoka na majiko ya kuchomea nyama, makochi, televisheni pana kama mlango wa zizi. Nami nilipanga foleni. Nisijitie utakatifu hapa.

"Bera," Ingvar aliniambia siku ile, akinimiminia kahawa, "ukikopa kwa krona zetu, riba itakung'oa meno. Kopa kwa yeni na faranga za Uswisi, nusu kwa nusu. Wajapani wanakopesha karibu na bure."

"Mimi hata yeni moja sijapata kuiona kwa macho."

"Hata mimi sijaiona. Ya nini kuiona? Wewe unataka gari au unataka picha?"

Tulicheka. Nikatia saini. Nilipokuwa nikirudi nyumbani na gari jipya, linanukia plastiki na ngozi, nilimfikiria bibi mmoja wa huko Japani, mwenye kuweka akiba yake senti kwa senti, asiyejua kwamba fedha zake zimesafiri mpaka bondeni kwetu kubeba watoto wa wafugaji. Nikamwombea heri kwa sauti, peke yangu ndani ya gari. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini katika harusi, ni nani anayeuliza habari za matanga?

Matanga yalikuja Oktoba. Krona ilianguka, na yeni, ambayo sikupata kuiona, ikapanda. Nilikuwa nimekopa krona milioni nne. Nikalipa kila mwezi bila kukosa, na mwisho wa Oktoba nikaambiwa nadaiwa milioni tisa. Dawa ya deni ni kulipa, nami nilikuwa nikiinywa kila mwezi; ugonjwa ndio uliokuwa ukinenepa.

Nilikaa jikoni siku nzima nikiutazama mlima. Jioni nilikuwa nimekwisha kata shauri. Mwezi uliofuata nilikwenda kwenye tawi, nikaweka mezani kiasi kilekile nilichokuwa nikilipa kabla ya Oktoba, si krona moja zaidi.

"Hii haitoshi, Bera," alisema Ingvar. Alikuwa amekonda.

"Nilichokopa nitalipa. Nisichokopa silipi."

"Mashine haitakubali."

"Basi iambie hiyo mashine ije bondeni izungumze na mimi. Nitaipikia na supu."

Hakucheka. Alizipokea fedha, akaniandikia risiti, na mwezi uliofuata tukafanya vilevile, na uliofuata tena. Kila safari alinionya kwamba kuna siku wakubwa wake wataagiza gari lichukuliwe. Nami kila safari nilimjibu maneno yaleyale, kwa sababu sikuwa na mengine. Wapo walioniambia najisumbua, na kwamba mtu mmoja hashindani na kampuni. Niliwauliza, kama kila mmoja angeshindana nayo kidogo, tungekuwa wangapi? Bibi Svanlaug pekee ndiye aliyenielewa. Alikuwa na miaka themanini, ujana wake wote aliumaliza akitia samaki chumvi bandarini. Januari alipanda basi hadi mji mkuu, Reykjavík, na sufuria yake, akaigonga mbele ya bunge pamoja na maelfu ya waandamanaji wengine, akarudi nayo imebonyea upande mmoja. Anaipikia viazi mpaka leo.

Sasa, mtu asiyekaa kwetu huenda asielewe jambo la bwawa la maji ya moto. Mchana, kati ya safari zangu mbili, nilikuwa nikienda pale kama wanavyokwenda wote. Unaoga kwanza kwa sabuni, uchi mbele ya macho ya wenzako, kisha unakaa kwenye dimbwi la mviringo, maji shingoni, theluji kichwani, magoti yakigusana na magoti ya mwalimu mkuu, mchungaji au mdai wako. Hakuna mkubwa mle. Ni vigumu kumwogopa mtu uliyemwona akijisugua nyonga. Ingvar naye alikuja kila mchana, akakaa upande wa pili, tukasalimiana kwa adabu, tukazungumza hali ya hewa.

Siku ile hakunisalimu. Alikuwa amezama mpaka kidevuni.

"Wewe Ingvar," alisema Svanlaug, "mbona leo umebakiza pua tu? Unamkwepa nani?"

Ingvar alifungua kinywa, na hapohapo mhudumu wa bwawa akatokea mlangoni akipiga kelele. "Bera! Kuna mtu anapakia gari lako!"

Nilimtazama Ingvar mara moja tu. Alikuwa anajua. Alikuwa ameketi mle ndani ya maji tangu nilipoingia, na alikuwa anajua. Hasira iliyonipanda siku ile sijapata kuiona tena, na naomba nisiione.

"Mama, rudi ndani," alisema yule mwenye lori nilipofika. "Utakufa na baridi."

"Nipe ufunguo wangu."

"Mimi mfanyakazi tu, mama yangu. Nimetumwa."

"Hata mimi mfanyakazi tu. Saa nane watoto wanatoka shule."

Alitikisa kichwa, akashusha ngazi ya chuma ya lori lake ili apandishe gari. Sikuwa na nguvu za kupigana naye, wala wakili, wala hata viatu. Nikaenda nikakaa juu ya ile ngazi, katikati, nikakunja mikono. Chuma kilikuwa cha baridi hata kikaonekana kama kinachoma. Baada ya dakika chache nilijaribu kusogea, nikagundua kwamba nguo yangu mbichi imegandia pale. Hata kama ningetaka kuondoka, nisingeweza.

Svanlaug akatoka, amejifunga taulo, akaniangalia, akaketi kando yangu. Wakafuata wawili wa kiwanda cha samaki, kisha mwalimu wa kuogelea, kisha mhudumu, yeye akiwa amevaa nguo kamili na ameona haya kwa kuwa amevaa. Tulikuwa tunafuka mvuke sote. Nyuma kabisa, mikono ameipachika makwapani, midomo imekuwa ya samawati, alisimama Ingvar.

Yule mwenye lori akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa kusini, hakumjua yeyote kati yetu.

"Basi, mimi sigombani na mabibi," alisema, akatoa simu. "Nampigia aliyesaini karatasi, aje mwenyewe. Ingvar. Nani anamfahamu hapa?"

Svanlaug alikaza taulo lake.

Akapiga. Bila shaka simu ililia ndani, kwenye kabati la nguo, ambako haikusikiwa na mtu. Akapiga tena. "Mji mdogo hivi, na hakuna anayemjua Ingvar?"

Mkono wangu ulikuwa huru. Ningeweza kunyoosha kidole. Nilitamani kukinyoosha, nilitamani kumwaibisha pale akiwa na kaptura yake mbichi mbele ya mji, na sijui ni nini kilichonizuia isipokuwa kwamba nilitaka atoke mwenyewe. Nadhani wenzangu nao walitaka hivyo. Tulitazama theluji. Kimya kile kilikuwa kirefu, na kilikuwa chake peke yake.

"Ni mimi," alisema Ingvar.

Yule mtu akamtazama kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. "Wewe ndiye uliyesaini?"

"Mimi. Mrudishie ufunguo."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Na wakubwa wako watasemaje?"

"Watanifukuza." Meno yalikuwa yanamgongana, neno likatoka vipandevipande, lakini lilitoka. "Mrudishie. Watoto wanatoka saa nane."

Nilipewa ufunguo wangu. Svanlaug alileta ndoo ya maji ya bwawa, wakanimwagia polepole mpaka chuma kikaniachia, na kipande cha nguo kikabaki pale kwenye ngazi, kikaenda kusini na lori. Saa nane nilikuwa mbele ya shule, nywele bado zimeganda, na watoto wakaniuliza kwa nini nanuka klorini.

Hawakutuma lori jingine. Pengine walikuwa na magari mengi mno ya kufuata. Mwaka uliofuata, kiangazi, korti kuu ilitamka kwamba kuifunga mikopo yetu kwenye fedha za kigeni kulikuwa kinyume cha sheria. Deni langu likahesabiwa upya, nikalimaliza hadi krona ya mwisho. Watu walinipongeza kana kwamba mimi ndiye niliyehukumu.

Ila hukumu ilichelewa kwa Ingvar. Walimfukuza kabla Februari haijaisha. Wiki mbili baadaye likaja lori lilelile la njano, likachukua gari lake jeusi kubwa, alilolikopea faranga tupu. Hakuna aliyekwenda kukaa kwenye ngazi, wala mimi. Nilisikia habari hizo dukani, nikanunua mkate wangu, nikarudi nyumbani.

Jumatatu moja ya Machi, kabla jua halijatoka vizuri, nilimwona akipita kwenye njia panda, chini ya shamba la wazazi wake. Alikuwa amevaa buti za mpira za kiwanda cha samaki, na chakula chake ndani ya mfuko wa plastiki. Hakunyoosha mkono. Alikuwa anatembea tu kwenda mjini, na mji uko mbali.

Nikasimamisha gari, nikafungua mlango. Watoto walichungulia dirishani.

"Nauli ni kiasi gani?" aliuliza, bado yuko chini.

"Mia mbili. Krona, Ingvar."

Alipekua mfuko mmoja, kisha mwingine, akapanda, akazitoa sarafu moja moja, akaniwekea kiganjani. Nilijua hana nyingine. Ningeweza kumwambia aziache, na kwa aibu angeshuka hapohapo asipande tena. Nikazipokea zote, nikazitia mfukoni, nikamwambia afunge mkanda.