Mgongo wa Léonie

...na kwa nini mgongo, kwa nini asichore uso kama wachoraji wengine, Léonie anawaza, ameinama juu ya tuta, mkono mmoja umeshika kiazi, mwingine umeegemea goti, na nyuma yake Bwana Vautrel, aliyekuja kutoka mjini kuchora watu wa mashambani, anakwaruza karatasi kwa kijiti chake cha mkaa, kwaru kwaru, "Hivyo hivyo mama, kidogo tu," kidogo gani, kiuno kinawaka moto, na mumewe Anselme, anayechimba tuta la pili, hawezi kunyamaza, "Bwana, umekosea upande, mimi nilioa huku mbele!", mchoraji anacheka, naye Léonie anajikuta anacheka pia, ingawa tangu asubuhi hakuwa na hamu ya kucheka, maana ana mimba na hajamwambia mtu, ameificha chini ya aproni, watoto wao wawili wamelala nyuma ya kanisa, na walipomzika wa pili Anselme alisema basi Léonie, tusingoje tena mtoto, mimi siwezi... sauti ile, hajaisahau, sasa amwambieje... na udongo huu unanukia vilevile kama zamani, alipokuwa mdogo akimfuata mama yake matutani, mama alikuwa na uso gani? anautafuta, macho, pua, hauji, umekwenda na homa ile iliyomchukua, kinachokuja ni mgongo, shali ya kijivu iliyofungwa kwa nyuma, imelowa jasho katikati ya mabega, mgongo ulioinama na kuinuka mbele yake kutwa nzima, naye akijua kwamba maadamu upo hawezi kupotea... ah, kumbe, mgongo nao ni mtu, bwana huyu si mjinga... na hapo hapo kitu kinapiga tumboni, si njaa, kinapiga tena, kwa nguvu, wale wawili hawakupiga hivi, walikuwa wapole mno, huyu ana ubishi wa baba yake, na machozi yanadondoka juu ya viazi, wala si ya huzuni... "Umechoka, mama?" "Chora tu, bwana," anajibu, kisha, kabla woga haujamrudia, "Anselme!" "Naam, mke wangu." "Kile kitanda cha mtoto kule darini, usikipasue kiwe kuni." Jembe la Anselme linanyamaza. Mkaa unaendelea kukwaruza, Léonie bado ameinama, uso wa mumewe hauoni, lakini anasikia viatu vyake vya mbao vikija upande wake, mbio, vikikanyaga viazi.