Mkono wa Ukurasa wa Saba

Dada alifungua kitabu, nami nikaanza kuzihesabu kurasa kimoyomoyo.

Ilikuwa nakala ya kwanza, ya kukaguliwa: hadithi ya picha kwa watoto, juu ya utoto wake mwenyewe, maana dada ni mpiga gita. Maneno niliandika mimi, picha mchoraji. Dada akiridhia, kesho kinachapwa. Asiporidhia, ndiyo basi. Alikwisha kunionya: "Uongo mmoja tu, mdogo wangu, nakichana."

Na uongo ulikuwemo. Niliugundua nikiwa ngazini kwake, nimechelewa kurudi nyuma. Ukurasa wa saba, msichana amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anapiga gita. Mchoraji aliigeuza picha, kushoto ikawa kulia, ili mtoto atazame katikati ya kitabu badala ya nje, kama ilivyo desturi ya kazi yao. Kwa kugeuzwa, mtoto akawa anapiga kwa mkono wa kulia.

Dada ni mashoto. Shangazi aliyetulea alikuwa akimfunga mkono huo kwa kamba ya kiatu mpaka vidole vinavimba, eti auache. Nami picha niliiona, nikaisifu.

"Masikio gani haya?" Dada alicheka. "Mmenifanya sungura!"

"Ni mchoraji, dada."

"Mchoraji kaniona wapi? Si wewe uliyemsimulia?"

Ukurasa wa tano. Wa sita.

Wa saba. Kicheko kilikatika. Taratibu, mkono wake wa kushoto ukashuka chini ya meza, ukajificha kwenye mikunjo ya gauni. Sidhani kama alijua.

"Nani kamfunga huyu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ningeweza kumtaja mchoraji. Hakuwepo kujitetea.

"Mimi, dada. Niliiona, nikasema nzuri."

Akasimama. Nikafumba macho, nikisubiri mlio wa karatasi kuchanika. Nikasikia nyayo. Nilipofumbua, alikuwa mbele ya kioo cha kabati, ameuelekeza ukurasa humo. Ndani ya kioo, mtoto alipiga nyuzi kwa kushoto.

"Yumo," alinong'ona. "Kumbe yumo."

Akanipa penseli. "Andika hapo: igeuzwe."

Nilisita kuugusa ukurasa, penseli ikaanguka na kubingirika hadi miguuni pake.

"Mwoga wewe! Lete hapa."

Akaandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa, akikandamiza mpaka alama zikatokea ukurasa wa nane.