Nani Aliyeuza Mdundo wa Mabati

Mkono wa Glenroy Pusey ulisimama njiani, pati ya nyama haijafika kinywani. Mle dukani, mtaani Waterhouse, mwanamume aliyekuwa akipanga mikate kwenye rafu alikuwa anapiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa besi aliyoitunga Glenroy: ile inayopanda, ikasita kama mtu aliyesahau jambo, kisha ikashuka kwa kishindo.

Besi ile haikuwa imetoka nje ya studio. Glenroy, mtayarishaji wa muziki, aliuita mdundo ule Mabati, akawaita waimbaji, kila mmoja akaweka wimbo wake juu ya mdundo huo huo mmoja, na albamu nzima ilikuwa inangoja Ijumaa itoke. Hakuna dansi hata moja Kingston iliyokuwa imeusikia.

"Hiyo umeitoa wapi, kaka?"

Muuza mikate alimkagua kuanzia viatu hadi kofia. "Ipi?"

"Hiyo unayopiga mluzi."

"Midomo yangu tu, bosi. Kwani siku hizi mluzi unataka kibali?" Akabeba kreti zake tupu, akatoka mbio mbio.

Mtu asiye na neno hakimbii, Glenroy aliwaza. Kama mdundo umevuja, yeyote angeweza kuutoa kwanza kwa jina jingine, naye angeitwa mwizi wa kazi yake mwenyewe. Waimbaji walirekodia mle mle ndani, hakuna aliyetoka na nakala. Aliyekuwa nayo ni Ransford peke yake, mpiga kinanda wake, aliyekua naye ua mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Jumatatu si alimwona akishuka kwenye gari la Bigga Lindo, mtayarishaji wa mtaa wa pili? Na siku hizi simu yake ikilia, si huenda kuzungumzia uani?

Alimkuta studio anafuta vumbi kinandani.

"Bigga Lindo hajambo?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ulikuwa garini mwake."

"Mvua ilikuwa inanyesha, akanipa lifti. We vipi, unanifuatilia?"

"Mdundo wetu umefika hadi kwa wauza mikate, Ransford."

Ransford aliweka kitambaa chini. "Sema unachotaka kusema, Glen. Usinizunguke kama nzi."

"Umeuuza."

Ransford alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Na hizo simu za uani je?"

"Dada yangu wa Toronto. Kanipatia kazi huko. Nilingoja albamu itoke ndipo nikuage, nisikuvuruge."

"Umeficha hilo, utashindwaje kuficha na hili?"

 Ransford alichukua koti lake akatoka. Siku ile ile Glenroy akabadilisha kitasa cha mlango, akaahirisha albamu. Waimbaji walinung'unika, na kwa kila aliyenung'unika, Glenroy alijiuliza huyu naye ana haraka ya nini.

Alimvizia muuza mikate mpaka akamnasa pale pale dukani. Safari hii hakuuliza. Alimwekea besi ile kwenye simu.

Yule bwana alishusha pumzi. "Kumbe! Mimi nilidhani wewe askari kanzu. Hiyo ya msibani kwetu, bwana, kule kijijini Bath. Wazee wanaiimba mtu akifa." Akaipiga kwenye kreti kwa viganja, kishindo na kusita kwake, asikosee popote.

Glenroy aliizima simu. Bath ndiko alikozaliwa baba yake.

Jumapili aliendesha gari mpaka Bath, kwa shangazi yake Icilda. Mlango ulifunguka upana wa jicho.

"Kama umefuata shamba la urithi, rudi ulikotoka."

"Sikufuata shamba, shangazi. Nataka kukuuliza wimbo."

"Mtu atoke Kingston kwa ajili ya wimbo? Nani kakutuma?"

Akamsikilizisha pale pale kizingitini. Bibi Icilda alitega sikio, uso ukakunjamana. "Nani kauharakisha hivi? Huu ni wa kumsindikiza maiti, si wa kumkimbiza." Akauimba polepole, beti zote, huku anapiga paja. "Bibi yako alipozikwa ulikuwa mgongoni mwangu. Wakiimba unatulia. Wakinyamaza, unapiga mayowe."

Glenroy aliketi kwenye ngazi. Siku zote hizo alimsaka mwizi, na besi yenyewe hakuitunga yeye.

Kesho yake alikwenda kwa Ransford, akamkuta anapanga nguo sandukuni. Alimweleza yote, hakubakisha.

"Nimekukosea, kaka. Nisamehe."

"Umejua lini?"

"Jana."

"Kwa hiyo mpaka juzi nilikuwa mwizi." Ransford alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Na kama usingempata yule muuza mikate?"

Glenroy aliokota soksi iliyoanguka, akaiweka sandukuni.

"Basi nimekusamehe," Ransford alisema. "Ila usinisindikize uwanja wa ndege."

Albamu ilitoka mwezi uliofuata. Kwenye jalada Glenroy aliandika kwamba besi ni ya wazee wa Bath, na kinanda ni cha Ransford. Watu waliupenda mdundo, waimbaji wakasahau kununa, na Bibi Icilda akatuma salamu kwamba bado una haraka mno. Ransford alikuwa ameshahamia Toronto. Glenroy alimtumia albamu, akajibiwa kwa neno moja: "Nimeisikia." Aliligeuzageuza neno lile siku nzima, asijue kama ndani yake mlikuwa na urafiki.